Dereva, Wageni Wako Wapi?

Hivi nani aliwaambia watu wa Dar es Salaam kwamba nchi hii yote ina joto? Nataka jina lake. Nataka na namba yake ya simu, nimpigie usiku wa manane, saa ileile ambayo mwenzenu nilikuwa nimejikunja kwenye kitanda cha watu kule Arusha, soksi mikononi, taulo kichwani, meno yanagongana mpaka mke wangu akaniomba niyazime alale.

Mwezi wa saba huo. Kipupwe. Nani anaenda Arusha mwezi wa saba na mashati ya mikono mifupi? Mimi. Mama Zuwena alifungasha sweta mbili, zote zake. Nikamuuliza yangu iko wapi. Akasema, "Baba Zuwena, si wewe uliyesema baridi ni mawazo tu?" Nilisema, ndiyo. Lakini nilisemea Mbagala, na Mbagala baridi ni mawazo kweli. Arusha imekaa kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, imejibanza chini ya Mlima Meru, na usiku upepo unateremka kutoka huko juu kuja kukutafuta wewe kwa jina. Mimi nimezoea kuishi usawa wa bahari. Mvua ikinyesha huwa naishi hata chini yake kidogo.

Habari yote hii inaitwa utalii wa ndani. Tangu Rais Samia aonekane kwenye ile filamu ya Royal Tour mwaka 2022, nyumbani kwangu hakukaliki. Eti Wazungu wanapanda ndege kutoka mwisho wa dunia kuja kuona vitu vyetu, na sisi tuko hapahapa tunatazama tamthilia. Nikajaribu kusema hata tamthilia ni vitu vyetu. Sikusikilizwa. Sijawahi kusikilizwa. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye basi, siti ya dirishani, dirisha lenyewe halifungi, jirani yangu kalala begani kwangu toka Chalinze. Korogwe tukapewa dakika kumi za kula. Nikanunua chipsi. Chipsi zikaiva dakika ya kumi na moja. Baada ya hapo tukasimamishwa porini kuchimba dawa, watu wakajificha kwenye vichaka vyote vizuri, mimi nikabakiziwa kichaka cha miiba. Sitasema zaidi.

Stendi tukapokelewa na shemeji, kaka yake Mama Zuwena. Huyu kahamia Arusha zamani na Arusha imemwingia mwilini. Kofia ya kauboi, buti, miwani myeusi usiku. "Karibuni Chuga, shem! Ule pale mlima!" Nikatazama anakoonyesha. Giza. Kesho yake mchana akaonyesha tena. Wingu. Jioni, wingu. Kila mtu Arusha anakuonyeshea wingu kwa kidole na kukwambia ule pale mlima, na wewe kama mtu mwenye adabu unaitikia, "Aisee, mkubwa!" Mlima wa pili kwa urefu Tanzania, zaidi ya mita 4,500, halafu hauonekani. Mimi mrefu wa kawaida tu na wanaonidai wananiona toka kituo cha basi.

Kumbe mlima huwa unajitokeza alfajiri, kabla mawingu hayajaamka. Hilo nililijua kwa kuchelewa. Siku ulipotoka mweupe kabisa, loji nzima ilikuwa uani na simu zao wanapiga picha. Mama Zuwena anayo, picha nzuri sana. Mlima uko katikati, jua linaugusa kileleni, na chini pembeni kuna mtu kageuza mgongo na ndoo mkononi yuko kwenye foleni ya maji ya moto. Ameiweka kwenye grupu la familia. Shangazi akauliza huyo mwenye ndoo ni mhudumu?

Maana kuhusu hiyo loji naomba tuongee. Sitaji jina, wasije wakanidai na taulo. Bangoni waliandika "vyumba self, maji moto masaa 24". Chumba kilikuwa self, sina ubishi. Bafu lilikuwa self kiasi kwamba ukikaa chooni magoti yanakuwa chumbani. Bombani wamefunga ile hita ya kuogea, ile yenye nyaya mbili zinazokutazama. Ukifungua maji mengi, inazima, unapata barafu. Ukifungua kidogo, inawaka, unapata matone matatu yanayochemka, yanashuka moja moja, unayasubiri kila moja kwa hofu. Nikasema nitafute katikati. Nikashika koki. Koki ikanitekenya. Nikaiachia, nikaishika tena kuhakikisha kama ni kweli. Ni kweli. Nikatoka na povu kichwani mpaka mapokezi, taulo kiunoni, nikamkuta kijana anacheza gemu kwenye simu. Akanitazama, wala hakushtuka. "Pole mzee. Hiyo huwa inapiga. Vaa ndala." Nikavaa ndala. Inapiga hata ukiwa na ndala, sema inapiga kwa heshima. Toka siku hiyo nikawa mtu wa ndoo.

Blanketi lilikuwa moja. Mama Zuwena alilichukua lote kwa sababu, kwa maneno yake, mimi nina mwili.

Kwa hiyo asubuhi ya kwanza sikutaka kuona kivutio chochote zaidi ya kitu cha kuvaa. Shemeji akanipeleka soko la Kilombero kwenye mitumba. Nikaliona jaketi. Zito, la kijani-kijani la kaki, lina mifuko mbele, mifuko pembeni, mifuko juu ya mifuko. Muuzaji akasema elfu ishirini na tano. Mama Zuwena akalishusha hadi elfu kumi na tano huku mimi nimeshalivaa, jambo ambalo alisema limemharibia mazungumzo. Sikujali. Nilipata joto. Nikawa binadamu.

Sasa, hakuna aliyeniambia. Huo mji, kila mtu aliyevaa jaketi la kaki lenye mifuko mingi ni dereva wa watalii. Wote! Wanayavaa kama sare. Shemeji alijua. Alinyamaza kimya, na hadi leo anasema alidhani nimelipenda.

Tukaanzia Mnara wa Saa, pale katikati ya mji, ambapo wenyeji husema ndipo nusu ya njia kutoka Cape Town hadi Cairo. Nilisimama nikajaribu kujisikia niko katikati ya Afrika. Nilijisikia niko katikati ya barabara, maana toyo mbili zilinipigia honi kwa pamoja. Pale wapo vijana wanaowauzia wageni safari, vinyago, batiki, ramani. Nikajiandaa kusumbuliwa kama mtalii. Nilishatunga hadi namna ya kukataa, kwa upole, mkono kifuani. Hakuna aliyenigusa. Wakampita Mama Zuwena, wakawavamia Wazungu wawili nyuma yetu. Mmoja tu ndiye alinifuata, akaninong'oneza, "Blaza, leo una wageni wangapi? Wapitishe kwa mshikaji wangu pale dukani, cha juu tunagawana." Nikamwambia mimi ndiye mgeni. Akacheka sana, akanigonga bega, akaenda kuwaambia wenzake.

Tukaingia Boma, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1900 ambalo sasa ni makumbusho ya viumbe na habari za binadamu wa kale. Nzuri, tulivu, na ukuta ni mnene, baridi haipenyi. Ningeweza kulala mle. Kisha tukaenda Kaloleni kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha. Hapa nilikaa muda mrefu, na si kwa sababu ya joto. Jengo hilo ndilo lililokaliwa na wakubwa wa TANU Januari 1967, na Februari 5 Mwalimu akalitangaza Azimio. Unasoma yale masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye kampuni. Nikajipima. Mshahara wangu mmoja haujafika hata nusu. Nyumba ya kupangisha sina, napangishwa. Hisa, nina ya kikoba cha Mama Zuwena, na hiyo nasikia nimefukuzwa. Yaani mimi ni kiongozi niliyekamilika, nimezaliwa tu mwaka usiofaa. Nikamwambia Mama Zuwena. Akasema nisogee, nimeziba picha.

Pale nje wakafika wanafunzi na mwalimu wao, wamepanga mstari. Mwalimu akanijia, "Samahani kaka, basi letu linazuia gari lako?" Nikasema halizuii. Kwa kweli halikuwa linazuia, kwa sababu sina gari.

Mchana, mtori. Msinielewe vibaya, naupenda mtori, ndizi zimepondwa na nyama, chakula cha watu wa milimani walioshindana na baridi wakashinda. Lakini mtori ni chakula cha hila. Hautoi moshi. Umetulia kwenye bakuli, uso laini, unakutazama kwa huruma, kumbe ndani ni jiko la mkaa. Nikatia kijiko kizima. Jamani. Nilimeza kwa sababu kulikuwa na watu. Machozi yalinitoka kwenye jicho moja, sijui kwa nini moja. Nilipopata sauti nikamuuliza dada mhudumu mbona nyama siioni. Akasema, na meza tatu zikasikia, "Kunywa mtori kaka, nyama ziko chini." Watu wakacheka, si ndiyo msemo wenyewe. Mimi nikauchukua kama maelekezo. Nikanywa. Nikavumilia. Nikashuka polepole hadi sakafuni mwa bakuli, ulimi umeshakufa ganzi, na kule chini nikakuta mfupa. Umegugunwa tayari. Nilipogeuka, Mama Zuwena alikuwa anapangusa mdomo.

Jioni shemeji akasema sasa tule kiume. Tukaenda kwenye nyama choma, mbuzi na ndizi za kuchoma, ndizi ngumu kidogo, zina moshi, ukitia chumvi na pilipili unasahau nauli. Hapo sina malalamiko na wala sitayatafuta. Kikaletwa na kibakuli cha supu nzito, nyeusi-nyeusi, inanukia viungo. Nikaipiga yote, nikaagiza nyingine, nikasifu. Nilipoweka kibakuli cha pili ndipo shemeji akauliza, "Kwa hiyo shem unakula kisusio?" Ndiyo, nakula, kwani kisusio ni nini? Damu ya mbuzi, akasema, na utumbo. Mama Zuwena akavuta kiti chake nyuma. Mimi nilikaa kimya nikisikilizia tumbo, na tumbo, kwa mshangao wa wote, likaomba kibakuli cha tatu.

Kesho yake ndiyo tukaenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Unakunja Usa River, unapanda kidogo, hata saa haijaisha uko getini. Watu wengi hupita wakikimbilia Serengeti na Ngorongoro, hii wanaiacha kama mtoto wa kambo. Nikatoa pesa kwenye soksi, nilishapanga zangu za noti, nikamkabidhi yule dada wa geti. Akazitazama. "Kaka, keshi hatupokei. Tunakupa control namba, unalipa kwa simu." Simu yangu ilikuwa na chaji asilimia mbili na salio la mia nne. Akalipa shemeji. Namdai nini sasa huyu mtu? Yeye ndiye ananidai. Halafu dada akaangalia jaketi langu, akaangalia Noah ya shemeji, akauliza, "Kitambulisho chako cha uongozaji?" Nikasema sina. Akanikazia macho. Mama Zuwena ndiye aliyeniokoa, akasema huyu ni mume wangu. Kwa sauti ya kukiri kosa.

Ndani kuzuri, lazima niseme, hata kama nilitoka nyumbani kwa nia ya kulalamika. Pale mwanzo kuna uwanda wanauita Serengeti Ndogo, nyati na pundamilia wanakula bila haraka. Twiga wamejaa, wanavuka barabara kwa maringo, wewe unasubiri. Juu mitini mbega, wale wenye manyoya meupe mgongoni, wanaonekana wamevaa kuliko mimi. Maziwa ya Momella yana flamingo. Huko Momella ndiko walikopigia filamu ya Hatari! iliyotoka mwaka 1962, John Wayne akiwa ndani, na mwigizaji mwenzake Mjerumani, Hardy Krüger, akapapenda hadi akanunua shamba hapo. Mama Zuwena akauliza simba wako wapi. Askari wa hifadhi akasema simba hakuna hapa. Akanitazama mimi kana kwamba nimewaficha.

Kisha akatueleza habari za kupanda Meru. Siku tatu au nne. Unalala Miriakamba, unalala Saddle, usiku wa manane unaamshwa kwenda kileleni. Na safari nzima mnakwenda na askari mwenye bunduki, kwa sababu njiani kuna nyati na tembo. Akasema pia kwamba huu ni mlima wa volkano, na mara ya mwisho ulitema mwaka 1910. Nikauliza kwa nini basi tumesimama. Mama Zuwena akanigeukia: "Baba Zuwena, unaweza?" Mimi, niliyekuwa nahema kwa kupanda ngazi za loji, ghorofa ya kwanza, na nikawaambia wote ni mwinuko kutoka usawa wa bahari.

Sasa nifike kwenye lililonitoa nyumbani kuja kuwaandikia.

Kutoka hifadhini njaa imetushika. Shemeji akasema kuna hoteli nzuri, bustani, bafe, watalii wanakula pale. Tukaingia. Kabla hatujashuka vizuri simu yake ikaita, akanitupia ufunguo, "Shika shem," akaondoka anaongea. Piga picha sasa. Mama Zuwena kashuka na miwani yake mikubwa, mtandio umefungwa kwa mtindo. Shemeji kashuka na kofia ya kauboi, anaongea kwa Kiingereza cha biashara. Na mimi nimeshuka na jaketi la kaki, ufunguo wa Noah mkononi, nimebeba begi la mke.

Mlinzi akapiga saluti kwa Mama Zuwena. "Welcome, madam." Akageukia kwangu. "Dereva, sogeza gari kule nyuma, hapa ni pa kushushia wageni. Chakula chenu upande ule."

Nikafungua mdomo. Mama Zuwena, mwanamke niliyemtolea mahari kwa awamu, akasema, "Thank you," akaingia. Hakugeuka. Nilimwona hadi juisi ya makaribisho anapokea, na kitambaa cha kufutia mikono.

Gari sikusogeza. Sijui kuendesha. Nikamwomba dereva mwingine anisogezee, nikamwambia mkono unauma. Akanihurumia sana, akanichukua kwenye chumba cha madereva. Huko nikakuta wanaume kama kumi, majaketi kama langu, ugali unafuka, nyama ya kukaanga, mchicha, maharage, pilipili ya kutosha. Nikapakuliwa mlima, na huu ulionekana. Wakaniuliza nimetoka wapi na wageni wangu, nikasema Dar. Wakasikitika. Wakaniuliza wakoje. Nikasema mmoja mkali, mwingine mjuaji. Wakatikisa vichwa, wote wamewahi kuwa nao wa namna hiyo. Ndipo nikaambiwa kuwa mlima uutazame alfajiri, kuwa soko la Tengeru uende Jumatano au Jumamosi, kuwa Januari na Februari kuna joto, na kuwa hakuna mtu mwenye akili anayekuja Arusha mwezi wa saba bila sweta. Mambo yote niliyoyahitaji kabla ya kutoka Mbagala niliyapata mezani kwa madereva. Nilishiba. Nilicheka. Kwa mara ya kwanza toka Korogwe nilikuwa na raha.

Mlango ukafunguliwa. Mhudumu, tai nyeusi, bili kwenye kijitabu cha ngozi. "Dereva wa ile Noah? Wageni wako wamesema utalipa wewe."

Chumba kikanyamaza. Mzee mmoja akaweka tonge chini. "Kampuni gani hiyo, mdogo wangu, dereva analipia wageni?" Nikafungua kijitabu. Bafe, watu wawili. Juisi. Keki. Keki tena. Nilitoa noti za kwenye soksi, zile zilizokataliwa getini, na wenzangu wakawa wanazihesabu kwa macho mpaka ya mwisho. Yule mzee akaniandikia namba ya bosi wake kwenye kipande cha karatasi, akasema niache hiyo kazi, nitakufa maskini. Mama Zuwena nikamkuta bustanini. Akasema bafe lenyewe halikuwa na maana, kuku hana chumvi, mimi nimekula nini?

Nendeni Arusha, ndugu zangu. Nendeni Januari. Ombeni chumba chenye blanketi mbili, na mkinunua jaketi la mtumba, chukueni jekundu, au la maua, au lolote lisilo na mifuko. Na nyinyi wenye mahoteli, mnatuambia kila siku utalii wa ndani, utalii wa ndani, haya tumekuja: wafundisheni basi walinzi wenu kumuuliza mtu kabla hawajampeleka nyuma. Yule wenu anisamehe kwa gari kukaa upande. Leseni sina. Hata ya baiskeli ingekuwepo, nisingekuwa nayo.